Nani Aanze Kuheshimu?

Kati ya mwalimu na mwanafunzi, nani anafaa kuanza kumheshimu mwenzake? Sisi tulilelewa tukiambiwa jibu liko wazi. Wewe ni mtoto, nyamaza, simama mkubwa akiingia. Heshima yake iko tayari. Yako itakuja ukimaliza shule, ukipata kazi, ukiwa na boma lako. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kuvaa joho najua foleni hiyo ilivyo ndefu: mtu anakuuliza ulisomea nini, unamjibu, na unaona uso wake ukikupunguzia bei.

Filamu ya To Sir, with Love, iliyotoka 1967, inalipindua jibu hilo. Mark Thackeray, anayeigizwa na Sidney Poitier, ni mhandisi mweusi kutoka Guiana ya Uingereza, nchi inayoitwa Guyana siku hizi. Ametafuta kazi ya uhandisi akakosa, basi anashika chaki kwa muda katika shule moja ya East End, London, mtaa wa maskini. Filamu ilitokana na kitabu cha 1959 cha E. R. Braithwaite, mzaliwa wa Georgetown aliyehudumu katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha vita vilipoisha akanyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake.

Darasa analopewa ni noma. Wanafunzi wanabamiza mifuniko ya madawati akisoma, na walimu wengine wamewakatia tamaa kitambo. Siku moja anakuta sodo ikiungua kwenye jiko la kupashia darasa joto. Anafoka. Anawatoa wavulana nje na kuwashambulia wasichana kwa maneno makali. Akirudi, ni mtu mwingine. Vitabu vya kiada vinaingia kwenye pipa la taka. Kuanzia leo, anawaambia, mtachukuliwa kama watu wazima: wasichana wataitwa Miss, wavulana kwa majina yao ya ukoo, naye ataitwa Sir. Mazungumzo yatakuwa ya maisha yenyewe, yaani kifo, ndoa, kazi, uasi.

Hebu angalia mpangilio wake. Hakungoja wakomae ndipo awaite watu wazima. Amewapa heshima kwa mkopo, kama Fuliza, ila hii haina ada. Na mkopo huo unambana yeye kwanza, maana mtu uliyemwita mtu mzima asubuhi huwezi kumfokea kama mtoto mchana.

Kuna mtu atasema, haya ni ya sinema, huku bila kiboko hakuna heshima. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001 na mjadala bado unachemka. Lakini kiboko huzaa woga, na woga huisha kengele ikilia. Hata ndani ya filamu, Denham, kiongozi wa watukutu, anamlazimisha mwalimu waingie ulingoni. Thackeray anampiga ngumi moja ya tumbo, anaacha hapo. Baadaye anampendekezea Denham awafundishe wadogo ndondi. Ngumi peke yake ingemfanya Denham atafute siku ya kulipiza. Kilichomgeuza ni kuambiwa kwamba ana kitu cha kumfunza mtu.

Sisemi filamu iko sawa kila mahali. Ile hasira ya sodo iliwaangukia wasichana wote, na filamu haioni shida. Kuna pia Potter. Mwalimu wa mazoezi, Bell, anamlazimisha mvulana mnene kuruka, mvulana anaumia, na Potter anamkabili Bell kwa hasira. Thackeray anamtaka Potter aombe radhi. Nampata: hataki hasira ya Bell iamue Potter atakuwa mtu wa aina gani. Lakini bana, kwa nini anayedhulumiwa ndiye hudaiwa ukomavu kila mara? Wazee walisema heshima si utumwa. Ukimfunza mnyonge adabu peke yake, bila kumgusa mwenye nguvu, umemfunza kuvumilia tu.

Mtihani mkubwa unakuja mama yake Seales anapofariki. Seales ni chotara, baba yake ni mweusi. Darasa linachanga pesa za shada la maua, vizuri kabisa. Kulipeleka nyumbani kwake ndiko kunakowashinda. Wanahofia majirani watasema nini wakionekana wakiingia kwa watu weusi. Na haya wanayasema mbele ya mwalimu mweusi wanayemwita Sir kila siku!

Hapo ndipo filamu inaponikamata. Jina la heshima ndani ya chumba halina gharama, hata mnafiki hulitamka. Gharama iko barabarani, watu wakikutazama. Thackeray anaenda mazishini akiamini amefeli, na akifika anawakuta wanafunzi wake wote wako hapo. Hakuna aliyewaamuru. Ule mkopo umelipwa, na hawakumlipa aliyewakopesha. Wamemlipa Seales.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: mwenye nguvu aanze. Mwalimu kabla ya mwanafunzi, mzazi kabla ya mtoto, bosi kabla ya kijana wa attachment. Si kwa sababu wadogo ni wema, la. Ni kwa sababu yeye ndiye anayeweza kutoa bila kufilisika. Mwisho wa filamu Thackeray ana barua ya kazi ya uhandisi mkononi, ile aliyoisubiri muda wote. Vijana wawili wanaingia kwa fujo, wanamkejeli na kumwambia mwaka ujao watakuwa darasani mwake. Hawajamwonyesha heshima hata kidogo. Anaichana barua.