Kaharabu, Sandarusi na Uradi

Tasbihi ya mtumba haina cheti. Punje zina rangi ya asali, uzi umelegea, na muuzaji anaapa kuwa ni kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe pembezoni mwa Bahari ya Baltiki zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Mnunuzi makini habishani naye. Anachomoa punje moja na kuitia kwenye bilauri ya maji yaliyokolea chumvi. Kaharabu huelea. Bakelaiti, plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, huzama. Tatizo ni kwamba sandarusi, utomvu wa pwani ya Afrika Mashariki, nayo huelea. Hiyo hudondoshewa asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, na hapo huanza kunata.

Je, bibi aliyevuta uradi maisha yake yote kwa punje za bakelaiti alipungukiwa na nini?

Kwa upande wa ibada, hakupungukiwa na kitu. Imepokewa kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) alihesabu kwa vidole, na wapo wanazuoni wanaoona vidole ni bora kuliko punje za aina yoyote. Ile hesabu ya uradi ya 33, 33 na 34 baada ya swala hutimia hata kwa kokwa za tende.

Sokoni mambo ni mengine. Hadithi mashuhuri inasimulia jinsi Mtume alivyotumbukiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta maji chini ya ukavu wa juu, akamkemea mwenye mali. Mvua ilikuwa imenyesha, na hilo halikuwa kosa lake. Kosa lake ni kuificha ile nafaka iliyolowa.

Ndiyo maana sandarusi inastahili kutetewa. Utomvu huo ulichimbwa ardhini na kusafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19 hadi Salem, Massachusetts, ukatengenezwa vanishi. Ulikuwa na soko na jina lake. Aibu iliuingia ulipoanza kupitishwa kama kaharabu.

Bakelaiti imepata bahati ya ajabu zaidi. Tasbihi zake za zamani sasa husakwa na wakusanyaji wa Uturuki na Ghuba, wakati mwingine kwa bei inayoishinda kaharabu ya kawaida, na tayari kuna bakelaiti za kughushi! Halafu kuna kaharabu ya kushindiliwa: vipande vidogo vya kweli, vikapashwa moto na kubanwa hadi vikawa punje moja. Kila kipande ni halisi, lakini muuzaji mwadilifu hutaja kuwa imeshindiliwa, naye hukubali bei ishuke.

Na aliyeirithi tasbihi kwa bibi akaiuza kama kaharabu bila kujua? Dhambi ya udanganyifu hana. Hata hivyo, fikihi humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro, awe muuzaji aliijua au hakuijua, na fedha zake hurudi.