Fungu la Mtu katika Kazi Yake

Tangu mwaka 1963, Reginald Maudling, waziri wa fedha wa Uingereza, alipomwondolea leseni na ushuru kila atengenezaye bia kwa matumizi ya nyumba yake, raia wa nchi ile wamekuwa na ruhusa ya kufanya jikoni kazi ambayo zamani ilidaiwa haki ya dola. Na wengi huifanya kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote, nayo ni kununua mkebe. Ndani ya mkebe mna maji matamu ya kimea cha shayiri, yaliyokwisha kutiwa uchungu wa maua ya hopsi na kupunguzwa kwa moto hata yakawa mazito. Mwenye mkebe huyayeyusha kwa maji ya moto, akaongeza sukari, akajaza maji baridi katika ndoo hata zikapatikana lita 23 hivi, akanyunyiza hamira, akafunika, akaenda zake. Baada ya juma moja au zaidi hukitia kinywaji katika chupa pamoja na sukari kidogo ya kukipa povu, na baada ya subira nyingine huwaalika rafiki zake waionje bia chungu aliyoitengeneza, asema, kwa mikono yake mwenyewe.

Dai hilo lina mahasimu. Wapo waanzao kazi kwa nafaka yenyewe, nao humcheka mwenye mkebe, wakisema kwamba kufungua kopo si ustadi. Lakini hoja yao, ikifuatwa hata kikomo chake, huwageukia wenyewe, maana wao nao hawakuilima shayiri, na mkulima aliyeilima hakuiotesha kwa uwezo wake. Na wote wakishamaliza, utamu haugeuki kileo kwa amri ya yeyote kati yao, ila kwa hamira, kiumbe asiyeonekana kwa jicho tupu. Sheria mashuhuri ya Bavaria ya mwaka 1516 iliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, wala haikuitaja hamira. Watu wa zama zile waliliona povu lake na mashapo yake, lakini hawakujua kuwa ndoo ile ina uhai ndani yake. Zaidi ya karne tatu zilipita kabla Louis Pasteur hajachapisha, mwaka 1876, kitabu chake juu ya bia na maradhi yake.

Basi fungu la mtu ni lipi? Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili swali hili katika mambo makubwa kuliko bia, na msomaji aliyeharamishiwa kinywaji hiki aweza kuitafakari ndoo bila ya kuionja. Wale waitwao Muutazila walisema kwamba mja ndiye aumbaye vitendo vyake, la sivyo kumwadhibu kungekuwa dhuluma. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyetoka katika safu zao, alijibu kwamba Muumba wa kila kitendo ni Mungu, na mja hukichuma tu, na kwa chumo hilo ndipo huulizwa. Fundisho hili lilikuwa mithali ya ugumu miongoni mwa wanazuoni wenyewe.

Mbele ya ndoo ugumu huo hupungua. Mtengenezaji aweza kusafisha vyombo kwa dawa, kupima joto asije akaiua hamira, na kuizuia pupa yake asikifunue kifuniko kabla ya wakati. Akiyatimiza hayo, bia ikawa njema, hawezi kusema kwamba yeye ndiye aliyeigeuza. Akiyapuuza, ikawa siki, hawezi kuishitaki hamira. Na kama hamira aliyouziwa ilikwisha kufa katika karatasi yake, lawama haimfikii, kwa sababu haikuwa katika uwezo wake.

Kwa hiyo naona kwamba kazi huhesabiwa kuwa ya mtu kwa kadiri ya amana aliyoichukua, wala asili ya vitu haiingii katika hesabu hiyo. Mwenye mkebe aliyeosha chupa zake kwa makini ana haki ya shukrani za wageni wake. Na mwenye nafaka aliyezembea hana la kujivunia, hata kama alianza mbali zaidi. Kila mmoja alipokea vitu asivyoviumba, na kila mmoja atajibu namna alivyovitunza.