KANISA LA NYASI NI MAMA WA KANISA LA MATOFALI

Masomo: 2 Samweli 7:1-7, 1 Petro 2:4-5



Kiangazi hiki tuliomba kila familia ilete matofali mabichi 20 kwa ajili ya kikanisa chetu hapa Lobule. Wengine wameleta, wengine wako kimya. Baba mmoja alisimama baada ya ibada akasema: "Kule Kongo nilibeba mchanga wa kanisa tangu utoto. Tulikimbia, tukaliacha. Leo sijui hata kama paa lipo. Kwa nini nijenge tena mahali ambapo si kwetu?"

Swali lake ni la haki. Tusimgombeze. Tutazame kwanza jinsi makanisa makubwa ya nchi hii iliyotupokea yalivyojengwa.

Wengi wetu tumesikia habari za Kanisa Kuu la Rubaga, kule Kampala. Limesimama juu ya kilima, la matofali, na minara yake miwili inaonekana kutoka mbali. Lilijengwa kuanzia mwaka 1914, likawekwa wakfu mwaka 1925. Lakini mwanzo wake haukuwa matofali. Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walifika Kigungu kwa mtumbwi tarehe 17 Februari 1879. Walisali katika nyumba ya miti na nyasi, kama sisi.

Mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka, wakaenda kusini ya Ziwa Viktoria, nchi ya Tanzania ya leo. Karibu miaka 3 Wakristo walibaki bila padri, bila misa. Je, walitawanyika? Hapana. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana katika jumba la mfalme. Kule Mityana, Matia Mulumba aliwakusanya watu nyumbani kwake, na pamoja nao Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Mapadri waliporudi mwaka 1885 walikuta waumini wameongezeka. Nyumba ya Matia ilikuwa kanisa.

Baadaye wengi wa viongozi hao waliuawa kwa ajili ya imani. Na mwaka 1888 Wakristo walifukuzwa, wengi wakakimbilia Ankole. Ndiyo, wapendwa: waliomjengea Mungu Rubaga walikuwa wakimbizi kabla yetu. Waliporudi, Kabaka Mwanga aliwapa mapadri kilima cha Rubaga, mwaka 1889, wakajenga. Januari 1892 kanisa hilo likateketea kwa moto. Na hapa tuseme kweli hata kama inauma: moto huo uliwashwa katika vita vya Wakristo kwa Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti. Tusifikiri kwamba adui wa kanisa hutoka nje tu. Tukigawanyika kwa makabila na lugha, hata ukuta wa mawe hautatulinda.

Walijenga tena. Ndipo likaja hili tunalolisifu leo.

Tazameni pia Namugongo, alipochomwa Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886. Basilika yake, iliyowekwa wakfu mwaka 1975, ingeweza kujengwa kwa mfano wa Roma. Msanifu wake, Justus Dahinden wa Uswisi, aliipa umbo la nyumba ya duara ya Kiafrika, na nguzo 22, hesabu ya mashahidi Wakatoliki. Nyumba ya nyasi haikuonewa aibu, imeheshimiwa. Na jirani yetu Yumbe kuna Lodonga, kanisa la Bikira Maria, Sultana wa Afrika. Papa Yohane XXIII aliliinua kuwa basilika ndogo mwaka 1961. Heshima hiyo haikuishia mjini. Ilifika huku kwetu West Nile, vijijini.

Katika somo la kwanza, Daudi anaona haya kukaa katika nyumba nzuri huku sanduku la Mungu liko hemani. Mungu anamkumbusha kwamba tangu Misri alitembea na watu wake katika hema, wala hakuwadai nyumba ya mierezi. Mungu wetu anajua maisha ya turubai. Na Mtume Petro anatuambia kwamba mawe yenyewe ni sisi.

Basi, baba yetu, kanisa ulilobebea mchanga halikupotea. Ulivuka mpaka nalo, kwa sababu lilikuwa ndani yako. Hatujengi hapa kwa kuwa tumesahau nyumbani. Tunajenga kwa kuwa watoto wetu wanabatizwa hapa, na wazee wetu tunawazika hapa. Siku Mungu atakapoturudisha, ndugu zetu wa Koboko waliotugawia ardhi watasali ndani ya kuta hizi. Wamisionari walioondoka mwaka 1882 waliacha kitu kwa wenyeji. Sisi je, tutaacha nini?

Kwa tafakari katika jumuiya:
1. Ni nani alikuwa "Matia" wetu siku tulipokuwa bila padri?
2. Kuna ugomvi gani kati yetu unaoweza kuchoma kanisa?
3. Familia gani haina nguvu ya kufyatua matofali, nasi tuifyatulie?

Tuombe: Bwana, uliyekaa hemani na watu wako, kaa nasi Lobule. Utufanye mawe hai. Amina.

Katekista wenu