Kimya cha Kanungu

Je, mtu aweza kuishika amri ya Mungu hata akaivunja kwa kule kuishika kwake? Swali hili si la mchezo. Ng'ambo ya mto Kagera, ukivuka pale Murongo ukaendelea kwa upande wa magharibi, iko Kanungu katika nchi ya Uganda, na usemi wa watu wa pande zile hauko mbali na Kinyambo chetu. Huko, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba moja, wake kwa waume na watoto, na milango na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari.

Kundi lao lilijiita la Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Wakuu wake walikuwa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, na pamoja nao Dominic Kataribabo, padre mwenye elimu kubwa. (Neno hili la elimu tulikumbuke sisi tuliosoma.) Watu waliuza mali zao, fedha wakawapa wakuu, wakangoja mwisho wa dunia, walioambiwa utakuja mwaka 1999 ukiisha. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Baada ya moto polisi walifukua mashimo katika nyumba nyingine za kundi lile, wakaona maiti mamia, wengine wamenyongwa. Ndipo habari ya kwanza, ya kuwa watu wale wamejiua, ikageuka; waliuawa.

Lakini jambo linalonishika moyo ni kimya chao. Walisemezana kwa ishara za mikono, maana walifundishwa ya kuwa asemaye sana atamshuhudia mwenzake uongo, naye atavunja amri ya nane. Tazama, amri ikashikwa kwa kufunga ulimi! Nasi twajua tangu Katekisimo ya kuwa amri hiyo yamwelekea jirani: ulimi tumepewa ili tumtetee. Mama hakuweza kumwuliza mwenzake, "Watu wa nyumba ile wamehamishiwa wapi?" Kumbe jibu lilikuwa shimoni. Kimya kile kiliwafaa wakuu, hakikumfaa jirani hata kidogo.

Mtu atasema, hata watawa hunyamaza. Ni kweli, ila mtawa ana mlango, na nje ya mlango yuko mtu asiye mkuu wake, awezaye kumweleza habari zake.

Tena walio nje walinyamaza pia. Serikali ililiandikisha kundi lile, na majirani waliwasifu watu wake kuwa wapole. Hata mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, wengi wao wamekufa kwa njaa ya kufunga.

Basi, mwalimu wa usharika, hapa Karagwe au Kyerwa, akisikia ya kuwa fulani ameuza kibanja chake ghafula, na watoto wake hawaonekani shuleni, je, ataona haya kupiga hodi na kuuliza?