Mcheza Kwao Hutunzwa

Wazee walisema: mcheza kwao hutunzwa. Neno hili lilizaliwa penye ngoma. Mtu akicheza vema mbele ya jamaa zake, hao hutoka mmoja mmoja, wakamtia fedha mkononi au wakamvika kitambaa shingoni, na kila mtu hurudi nyumbani ameridhika. Siku hizi ngoma inayokusanya watu wengi kuliko zote ni mpira. Katika Baraka, jua likipungua ukali na mitumbwi ikingoja usiku wa kuvua, vijana hutafuta mahali patupu wakacheza. Huko Fizi mlimani hali ni ileile. Asiye na mpira wa dukani hufunga matambara na mifuko ya nailoni kwa kamba, na mpira umepatikana. Miongoni mwa watoto hao hakosi mmoja anayeota kwamba siku moja jina lake litatajwa redioni, kutoka Lubumbashi au Kinshasa, au kutoka Ulaya.

Ndoto hiyo si mbaya. Lakini yaleta swali ambalo wazazi, walimu na vijana wenyewe yawapasa kulipima: Je, methali ile ni ya kweli? Mtu akiwapa watu wake nguvu za ujana wake katika mchezo, anawadai nini? Nao wanamdai nini? Swali la namna hii halijibiwi kwa maneno matupu. Yafaa kutazama maisha ya wachezaji wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa Kongo hii hii.

Mchezaji wa kisiwani

Huko Ayalandi, nchi ya kisiwa iliyo magharibi ya Uingereza, watu wanao mchezo wao wenyewe uitwao kandanda ya Kigaeli. Kila upande una wachezaji 15. Mpira huchezwa kwa miguu na kwa mikono. Lakini mwenye kuushika haruhusiwi kukimbia nao apendavyo, bali baada ya hatua chache imempasa kuudundisha chini, au kuugusa kwa mguu na kuudaka tena. Chama cha mchezo huo kiliundwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884. Askofu Mkuu Thomas Croke wa Cashel alikuwa miongoni mwa walezi wake wa kwanza, na uwanja mkubwa wa Dublin waitwa kwa jina lake hata leo.

Jambo la kushangaza katika mchezo huo ni desturi mbili. Ya kwanza, mchezaji huchezea kwao: kwanza kikundi cha nyumbani, ambacho mara nyingi ni cha parokia yake, kisha wilaya yake. Ya pili, hapokei mshahara wa kucheza. Hata siku ya fainali, mbele ya watu zaidi ya 80,000, aliye uwanjani ni mwalimu, mkulima, fundi au karani. Na sherehe zikiisha, hurudi kazini kwake kama watu wote.

Mmoja wa wachezaji wakuu wa kandanda hiyo alikuwa Mick O'Connell, aliyezaliwa mwaka 1937 katika kisiwa cha Valentia, wilaya ya Kerry. Kisiwa hicho kilijulikana ulimwenguni kwa sababu ya waya wa simu uliopita chini ya bahari kwenda Amerika, na O'Connell alifanya kazi katika kituo cha waya huo. Siku zile hapakuwa na daraja. Basi kila alipokwenda kujizoeza pamoja na wenzake, ilimpasa kuvuka maji kwa mashua. Mvuvi wa Ubwari avukaye ghuba kwenda sokoni Baraka ataelewa bila kuelezwa maana ya safari hiyo, hasa siku za upepo.

Mwaka 1959 O'Connell alikuwa kapteni wa Kerry, nao wakaishinda Galway katika fainali ya nchi nzima. Yasimuliwa kwamba kapteni huyo hakukaa kusherehekea Dublin. Alishika njia ya kurudi kwao, akafika ukingoni mwa bahari, akaingia mashuani, akapiga makasia mpaka kisiwani. Alipata ubingwa tena mwaka 1962, 1969 na 1970, na mwaka 1984 akachaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa miaka mia moja. Sifa hizo zote zilimkuta ni mtu wa Valentia, na hazikumwondoa huko.

Mchezaji wa taifa

Ndaye Mulamba alizaliwa mwaka 1948 mjini Luluabourg, ambao sasa ni Kananga. Alichezea AS Vita Club ya Kinshasa iliyotwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1973. Mwezi Machi 1974 alikwenda Misri pamoja na timu ya Zaire kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2 kwa 2, ikabidi irudiwe. Zaire wakashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Mulamba. Kwa jumla alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na tangu siku hiyo hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika mashindano mamoja.

Miezi mitatu baadaye Zaire walikwenda Kombe la Dunia katika Ujerumani ya Magharibi, wakiwa taifa la kwanza la Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Walishindwa na Uskoti 2 kwa 0. Kabla ya mchezo wa pili, wachezaji walinung'unika wakisema kwamba fedha zao zimeliwa na wakubwa. Wakafungwa na Yugoslavia mabao 9. Katika mchezo huo mwamuzi alipigwa teke na mchezaji mmoja wa Zaire, naye akamfukuza Mulamba, ambaye hakulitenda kosa lile. Kisha wakafungwa na Brazili 3 kwa 0, wakarudi nyumbani. Waliopokewa kwa shangwe mwezi Machi walirudi safari hii pasipo wa kuwapokea.

Mwaka 1994 Mulamba aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi, watu wenye silaha wakamvamia wakidhani amekuja na fedha nyingi, wakampiga risasi mguuni. Mwaka 1996 akaikimbia nchi, akawa mkimbizi katika Afrika ya Kusini, naye alipata riziki yake kwa kulinda magari ya watu huko Cape Town. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, habari zilienea kwamba amekufa, na watu wakasimama kimya uwanjani kwa kumkumbuka. Lakini alikuwa hai! Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019, mjini Johannesburg.

Maana mbili za neno moja

Je, mchezaji huyu hakutunzwa? Hapa yafaa kulichungua neno lenyewe. Katika Kiswahili kutunza kuna maana mbili. Maana moja ni kumpa mchezaji zawadi saa ile anapocheza. Maana nyingine ni kumwangalia mtu au kitu kisiharibike, kama mama atunzavyo mtoto, au kama mvuvi atunzavyo nyavu zake baada ya kuvua. Zawadi ni ya saa moja. Uangalizi ni wa siku zote. Mulamba alitunzwa kwa maana ya kwanza, wala si kwa maana ya pili. Walimwinua kama bendera. Na bendera, upepo ukitulia, hukunjwa ikasahauliwa sandukuni.

Wako watakaosema: "Alilipwa kwa sifa, anataka nini tena?" Jibu ni hili: anayeshangilia hujifurahisha mwenyewe kwanza. Aliyepiga kelele za furaha mwaka 1974 alipokea furaha ile kutoka kwa Mulamba, hakumpa. Awezaje basi kuihesabu furaha aliyoipokea kuwa ndiyo malipo aliyoyatoa?

Wengine watasema: "Mpira ni mchezo tu. Aliyeumia alijitakia." Lakini watu waliokubali kufaidiwa na nguvu za mwili wa mwenzao hawawezi kusema hawana sehemu katika uchovu wake. Apandaye juu ya mabega ya mwingine ili aone mbali, haimfai kusema baadaye kwamba hamjui mwenye mabega.

Tena wako watakaoutazama mfano wa O'Connell na kusema: "Basi kucheza bure ndiko kwema, achezaye kwa mshahara ni mchuuzi tu." Hili nalo si kweli. O'Connell alikuwa na kazi, na kazi hiyo ilimlisha. Kumwambia kijana mwenye njaa acheze bure, huku wengine wanakusanya fedha mlangoni mwa uwanja, si kumfundisha ukarimu, bali ni kumwibia. Maandiko Matakatifu na mafundisho ya Kanisa husema wazi kwamba kumnyima mfanya kazi ujira wake ni dhambi nzito. Ambako mchezo umekuwa kazi, ujira wake ni haki, wala si hisani.

Nani alilipe deni?

Yabaki neno gumu zaidi. Ikiwa taifa zima lilikuwa na deni kwa Mulamba, ni nani hasa aliyepaswa kulilipa? Mtu wa Kananga angemtazama wa Kinshasa, na wa Kinshasa angeitazama serikali. Mzigo wa wote mara nyingi haubebwi na mtu. Watu elfu nyingi walilijua jina lake. Lakini wangapi walijua anakolala? Ndiyo maana iliwezekana kusimama kimya kwa ajili yake naye yu hai. Jina lilikuwa limetunzwa, mwenye jina alikuwa amepotea.

Hapo ndipo desturi ya kucheza kwa parokia inapoonyesha hekima yake. Hekima hiyo haimo katika kukosa mshahara, bali katika ukaribu. Mtu hawezi kumtunza asiyemjua. Watu wa Valentia walimjua O'Connell kabla hajaushika mpira, na waliendelea kumjua alipouacha. Kwao hakuwa bendera, alikuwa jirani. Methali haikusema mcheza popote hutunzwa. Ilisema mcheza kwao. Na kwao si mahali alipozaliwa tu. Kwao ni mahali ambapo akiugua, mlango wake utabishwa.

Watu wa Fizi na Baraka wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka uleule wa 1996 wengi wao walivuka Ziwa Tanganyika, wakakaa miaka mingi katika kambi za Kigoma. Na tangu mwaka 2005 wengi wakarudi kwa meli mpaka Baraka. Jamaa wangapi walikuwa wamekwisha kuliliwa, kisha wakaonekana wakishuka gatini? Aliyeyaona hayo anajua tofauti ya kumlilia mtu na kumtafuta.

Tena wanajua kukumbuka. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, na siku ileile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert huko Fizi. Miaka karibu 60 ikapita, hata tarehe 18 Agosti 2024 wakatangazwa wenye heri mjini Uvira. Haifai kulinganisha damu ya shahidi na jasho la mchezaji. Lakini watu walioweza kutunza kumbukumbu ya namna hiyo, kupita vita na ukimbizi, hawawezi kusema kwamba kumkumbuka mtu ni kazi iliyo juu ya nguvu zao.

Mambo ya kushika

Kwanza, kijana. Acheze kwa moyo wote, lakini asiuweke uhai wake wote katika miguu. Mwili huzeeka mbele ya mtu: afikapo miaka 35, mchezaji amekwisha kuwa mzee wa uwanjani, naye bado ni kijana nyumbani. Asome, ajifunze useremala, ushonaji, uvuvi au ualimu. O'Connell alikuwa na waya wake na mashua yake. Kwa sababu hiyo shangwe hazikuwa bwana wake.

Pili, wanaosimamia mchezo. Fedha ikikusanywa, ihesabiwe mbele ya watu, na mchezaji apewe iliyo haki yake. Akivunjika mguu akichezea kijiji, kijiji kiugharimie mguu huo.

Tatu, wanaoshangilia. Katika kila parokia yuko mtu ambaye zamani watu wote waliliita jina lake uwanjani, na leo apita njiani peke yake akichechemea. Hakuna haja ya kuingoja serikali ili kumsalimu, kumpelekea samaki wawili, au kumwita awafundishe watoto kupiga mpira. Deni la taifa ni kubwa, na pengine halitalipwa. Deni la jirani ni dogo, nalo laweza kulipwa kabla ya jua kuchwa.

Maswali ya kuzungumzia

1. Kuna tofauti gani kati ya kumsifu mtu na kumtunza?
2. Je, ni haki mchezaji adai mshahara? Wakati gani ni haki, na wakati gani si haki?
3. Kijana anayetaka kuondoka kwao ili acheze mbali, wazazi wamshauri nini?
4. Ni nani katika parokia hii aliyewafurahisha watu zamani, na leo hakuna amtembeleaye?