Je, Ni Upotevu Kusafiri Ili Kuona Maua?

Swali hili hatukulipata kitabuni. Tulilipata barazani kwa mwalimu mmoja, si mbali na Mwadui katika nchi ya Shinyanga, jioni ya siku ya pili baada ya yeye kurudi safarini. Majirani walikuja kumpa pole ya njia, nao, kama ilivyo desturi yetu, wakakaa wakingoja mfuko ufunguliwe. Mfuko ulipofunguliwa zikatoka nguo zilizochafuka na viatu vyenye matope meusi, basi.

Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, umetuletea nini?"

Naye akajibu, "Mzee wangu, sikuleta kitu. Nilikwenda kuona maua."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Walipotambua kwamba si mzaha wakanyamaza, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko kicheko.

Yafaa tueleze ni maua gani. Katika nyanda za juu za kusini, upande wa Mbeya na Makete, uko uwanda ulioinuka sana, kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, jina lake Kitulo. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mvua zinaponyesha, tangu mwezi wa Desemba hata Aprili, nyasi za uwanda ule hujaa maua ya kila rangi. Wataalamu wamehesabu huko aina za mimea kama 350, na okidi peke yake zapata aina 45. Mwaka 2005 Serikali iliufanya uwanda huo kuwa Hifadhi ya Taifa, nayo hutajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya joto kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea yake, wala si kwa ajili ya simba na tembo. Mwalimu wetu alisoma habari hizo, akaweka akiba miaka miwili. Likizo ya Desemba ilipofika akapanda basi, akapita Tabora na Sikonge na Chunya hata Mbeya. Kisha akaenda Chimala, ambako barabara hupanda mlima kwa kona nyingi hata watu wakaiita Hamsini na Saba. Alikaa uwandani siku tatu, mbili katika hizo za mvua na ukungu. Kwa hiyo, tukisema kweli, maua aliyaona vizuri siku moja.

Wako watu duniani ambao safari ya namna hii kwao si ajabu hata kidogo. Wajapani wanao mti waitao sakura, ndio mcheri, lakini ile iliyopandwa kwa wingi mijini mwao haipandwi kwa ajili ya matunda. Hupandwa itazamwe. Maua yake hukaa wiki moja, labda mbili upepo ukiwa na huruma, kisha huanguka. Katika mji wa Tokyo uko mti mmoja wa mfano unaoangaliwa na watu wa idara ya hali ya hewa. Maua matano au sita yakifunguka juu yake, hutangazwa kwa watu wote kwamba majira yameanza. Katika mji wa Kyoto, kumbukumbu za siku ambayo maua yalikamilika zimeandikwa tangu karne ya 9. Watu hufunga safari kutoka mbali, hutandika mikeka chini ya miti, hula, hutazama juu, hurudi makwao. Hakuna aulizaye wameleta nini.

Lakini sisi si Wajapani, na mashtaka ya wazee hayakuwa ya kijinga. La kwanza lilikuwa fedha. Kanisa la kijijini halijamaliza kuezekwa, na fungu la mwalimu la mabati lilikuwa limetoka nusu tu. Mzee wa pili akasema wazi kwamba nauli ile ingalinunua mabati mengi. Kijana mmoja akamkumbusha yule mwanamke wa Injili aliyemimina marhamu ya thamani, na jinsi aliyenung'unika kwa ajili ya maskini alivyokuwa ni Yuda. Mzee hakushindwa. "Yule alimmiminia Bwana," akasema. "Huyu amejimiminia macho yake mwenyewe." Hata leo twaona kwamba jibu lile lilikuwa zuri, nasi hatukuweza kulipangua palepale.

Tulilolisema baadaye ni hili. Vijana wangapi wa kijiji kile wamekwenda Geita? Dhahabu ya huko ilichimbwa tangu miaka ya 1930. Mgodi wa kale ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Pembezoni mwake wachimbaji wadogo hawaishi kuhama. Ikisikika habari kwamba mahali fulani jiwe limeonekana, usiku uleule watu hufunga virago. Huuza mbuzi, huuza baiskeli, huacha jembe limeegemea ukuta. Hukaa kando ya duara miezi, wakichangia chakula na kamba na mafuta ya mashine, na walio wengi hurudi mikono mitupu kama mwalimu alivyorudi. Wengine hawarudi, kwa kuwa shimo limewafunika. Wala hatujasikia baraza likikaa kuwauliza kama safari yao ilikuwa ya upotevu. Huambiwa tu, "Pole, bahati haikuwa yako." Kwa hiyo kosa la mwalimu machoni pa watu halikuwa kurudi bila kitu. Kosa lake lilikuwa kuondoka akijua kwamba atarudi bila kitu.

Hapo ndipo twaona fundo la jambo lenyewe. Tumezoea kuihesabu safari kwa mzigo wake. Aendaye Mwanza huleta samaki, aendaye Tabora huleta asali, aendaye machimboni huleta fedha au kidonda. Lakini viko vitu ambavyo ukivileta nyumbani huwa umeviua, na Kitulo yenyewe ni ushahidi. Okidi za kule zina viazi vidogo ardhini, na viazi hivyo vina soko. Katika nchi ya Zambia hupondwa, huchanganywa na karanga na pilipili, hupikwa viwe kitu kigumu kinachokatwa vipande kama nyama, nacho huitwa chikanda. Ni chakula kizuri, wasema waliokila. Basi wachimbaji walipanda uwandani na majembe yao, wakachukua viazi kwa mamilioni kila mwaka, na kila kiazi kilichong'olewa ni mmea mmoja uliokufa. Hilo ni mojawapo ya mambo yaliyofanya uwanda ule uwekwe chini ya ulinzi.

Tusiwahukumu upesi. Waliochimba walikuwa maskini, wenye watoto wa kulisha kama sisi. Mtu aweza kusema: ni haki gani hii, kumnyang'anya maskini kiazi chake ili mgeni mwenye nauli apate kutazama ua? Swali hili ni zito kuliko lile la mabati. Mtazamaji ambaye hanunui hata sahani ya ugali katika kijiji cha chini ya mlima, akapanda, akatazama, akashuka, huyo amevuna kwa wenzake bila kulipa, na sifa ya kupenda uzuri haimwoshi. Mwalimu, kwa bahati njema, alilala kwa wenyeji wa Matamba na kula kwao. Hata hivyo mchimbaji hakuwa na haki ya kuumaliza mmea ambao watoto wake mwenyewe hawatauona tena, wala kama ua wala kama kiazi. Mtu wa Shinyanga hahitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Ngitili ni nini, kama si nyasi zilizoachwa zisiguswe wakati ng'ombe wakizitamani? Misitu yetu ilipokwisha kufyekwa, kwanza kwa sababu ya mbung'o, kisha kwa mashamba na kuni, kazi ya kuhifadhi ardhi iliyoanzishwa mwaka 1986 ilirudisha miti kwa njia hiyohiyo ya wazee: kufunga mahali, na kungoja.

Hapa twaongeza neno ambalo mwalimu hakulifurahia. Nyuma ya shule yake uko mbuyu. Majira ya maua yake yakifika, ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kiganja, likiinamia chini; popo hulijia usiku; na kabla ya jioni ya pili limekwisha anguka. Sakura hukaa wiki, mbuyu hukaa usiku mmoja. Tulimwuliza ni mara ngapi ametoka kuutazama. Akafikiri, akasema, "Nimeona maua yaliyoanguka, watoto wakiyafagia." Hatusemi kwamba kwa hiyo asingalikwenda Kitulo. Pengine mtu huhitaji kwenda mbali apate kujua kwamba ana macho. Lakini mbuyu haudai nauli.

Sasa shtaka la mwisho, ambalo wazee hawakulitaja, wala sisi tusingalijua kama mkewe hakuleta uji wakati ule. Maua ya Kitulo huja na mvua, na mvua ya Desemba ndiyo iitayo jembe huku kwetu. Siku zile tisa ambazo mwalimu alikuwa safarini, mama huyu alipanda pamba peke yake, na mtoto mgongoni. Sehemu ya shamba ilichelewa, na pamba iliyochelewa kila mkulima ajua ni nini. Mabati yatanunuliwa, na dhana ya upotevu twaikataa. Lakini katika jambo hili twaona kwamba mwalimu alikosa kweli: aliyatazama maua kwa mgongo wa mtu mwingine. Tulimwambia hivyo, naye hakujitetea.

Mama akaweka uji chini, akauliza kama maua hayo yananukia. Mwalimu akaanza kumweleza, kwanza polepole, kwa aibu, kisha kwa maneno mengi: yaliyo ya manjano, yaliyo meupe, jinsi ukungu ulivyoinuka siku ya tatu na uwanda wote ukaonekana mara moja. Wazee waliokuwa wamesimama kuaga wakaketi tena. Giza likaingia, taa ikaletwa. Alipokwisha akamwambia mkewe, "Mwakani Mungu akipenda tutakwenda wote wawili."

"Na pamba," akauliza mama, "itapandwa na nani?"