Picha Iliyofichwa Katika Bahasha



Kijana mmoja wa Katuba, katika mji wa Lubumbashi, alikuwa akijitayarisha kupokea Ubatizo siku ya Pasaka. Yeye na wenzake walijizoeza kuona mambo yaliyo mbali. Mmoja alikata picha za wanyama katika kalenda ya zamani, akaficha moja ndani ya bahasha, akaiweka katika chumba cha pili. Kijana alifumba macho, akatulia, kisha akachora kwa penseli yale yaliyomjia moyoni. Siku moja akachora miguu minne na mistari ubavuni. Bahasha ikafunguliwa: punda milia! Kabla ya jua kuchwa, habari ilikuwa imefika sokoni.

Zoezi hilo halikuzaliwa Katuba. Mwaka 1972 wataalamu wawili, Harold Puthoff na Russell Targ, walianza kulichunguza huko California, katika Stanford Research Institute, nayo serikali ya Marekani ikaligharimia kwa ajili ya upelelezi. Hata nchi ya Kongo imetajwa humo. Mwaka 1995 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alisimulia kwamba zamani za utawala wake ndege ilianguka katika Zaire, ndivyo Kongo ilivyoitwa wakati ule, ikatafutwa isionekane, mpaka mwanamke mmoja aliyezama kama katika usingizi akataja mahali ilipo. Habari hiyo watu huipenda sana. Lakini mwaka uleule kazi yote ilipimwa, baada ya miaka zaidi ya 20 na dola milioni 20 hivi, ikaonekana kwamba haikuwa na faida kwa upelelezi. Ikafungwa. Sehemu hii ya habari haifiki sokoni.

Wazee wa Uluba hawatastaajabu. Wao waliwajua bilumbu, waaguzi wanaotikisa kibuyu cha mboko na kusoma vitu vilivyomo, na walikijua kashekesheke, kifaa cha mti kinachoshikwa na watu wawili ili kijibu maswali. Wamarekani wameongeza penseli. Kiu ni ileile.

Basi, jioni moja shangazi yake yule kijana akaja. Watoto wake wawili walikuwa wamekufa kwa homa, mmoja nyuma ya mwingine, na nyumbani mwake aliishi yatima wa miaka minane. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona. Shangazi akasema: « Mwanangu, wewe uliona punda milia ndani ya bahasha. Mtazame na mtoto huyu, uniambie kama ndiye aliyewala wanangu. Siku ya Mungu nitakuja kusikia. »

Kijana hakulala usiku ule. Alfajiri akaenda kwa katekista mzee, akamweleza yote.

Mzee hakumkaripia. Akamwuliza: « Umechora mara ngapi? »

« Mara nyingi, baba. »

« Na karatasi nyingine ziko wapi? »

Zilikuwa zimewashia moto wa mbabula. Ile ya punda milia peke yake ndiyo iliyotunzwa.

Basi siku ya Posho wakalifanya zoezi upya, mara 20, kwa picha nne: punda milia, kobe, kanga na kiboko. Aliyeificha picha alibaki nje, ili uso wake usimfunulie mwenzake kitu, na kila karatasi ikatunzwa. Kijana alipata mara sita. Mtu anayebahatisha tu, bila kujua neno lolote, angepata kama mara tano. Kobe alichorwa na mabawa.

Mzee akamsomea habari ya mfalme Sauli, aliyekwenda usiku kwa mwanamke wa Endori kwa sababu ya hofu, akarudi na hofu kubwa zaidi. Akamsomea pia habari ya kijakazi wa Filipi katika Matendo ya Mitume. Hapo yafaa kusimama kidogo. Kijakazi yule alisema kweli juu ya Paulo na wenzake. Hata hivyo Paulo alimfukuza pepo aliyekuwa ndani yake. Angalieni, basi: hata kama mwaguzi amesema kweli, Amri ya kwanza haijafutwa. Manabii hawakujizoeza kuona. Mungu aliwatuma, mara nyingi wao wenyewe hawataki. Naye Mungu hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kuufungua moyo wa mtoto kama bahasha. Serikali ya Kongo nayo, kwa sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto, humwadhibu kwa kifungo anayemsingizia mtoto uchawi.

Siku ya Mungu, baada ya Misa, kijana akaenda mwenyewe kwa shangazi yake. Akapiga magoti, akasema: « Shangazi, mimi sioni kitu. Hata punda milia sikumwona, nilibahatisha. Wanao waliuawa na homa. Mtoto huyu hana neno. »

Shangazi akakasirika, akamwita mwoga, akalia. Yatima alikuwa mlangoni akichambua sombe, kichwa kimeinama, kwa maana alisikia yote. Kijana akaketi karibu naye, akachukua fungu moja, akaanza kuchambua pia. Ilipopita saa nzima, shangazi akatoka na sufuria, akauliza kama sombe iko tayari.